Spika za Nyumbani Kwenye Gari kwa Gharama Ndogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Jozi ya spika za rafu iliyobaki bila redio, au sabwufa ambayo amplifaya yake imekufa, ni mali inayokaa bure. Mwenye gari lenye spika zilizochanika huiangalia na kujiuliza kama haiwezi kuhamia garini. Inaweza, mara nyingi. Ila kumbuka tangu mwanzo kwamba spika ya nyumbani ilibuniwa pamoja na boksi lake. Kuunganisha waya ni kazi ya dakika chache. Kazi yenyewe ni kuipatia spika hiyo makao mapya.

Je, spika ya nyumbani inalia kwenye gari bila kubadilishwa chochote?

Inalia. Redio ya gari hutoa umeme wa sauti wa aina ileile inayotolewa na amplifaya ya sebuleni. Unganisha spika ya rafu na nyaya mbili za redio, iweke kwenye kiti cha nyuma, na muziki utausikia papo hapo. Kinachohitaji maarifa ni kuifanya ilie vizuri kwa miaka, bila kuunguza redio na bila kumuumiza abiria.

Nitajuaje spika ni ya omu (kipimo cha ukinzani) ngapi ikiwa maandishi yamefutika?

Tenganisha spika na kila kitu, weka multimita kwenye kipimo cha chini kabisa cha omu, kisha gusa ncha mbili za spika. Namba utakayoiona itakuwa chini ya ile ya lebo, kwa sababu mita hupima ukinzani wa koili kwa umeme wa betri, ilhali lebo hutaja ukinzani wakati muziki unapita. Spika ya omu 8 husoma kati ya 5.5 na 7 hivi, ya omu 6 husoma karibu na 4.5 au 5, na ya omu 4 husoma kati ya 3 na 3.8.

Kabla ya kupima, gusanisha ncha za mita zenyewe. Zikisoma 0.3, toa 0.3 kwenye jibu lako. Mita ikikaa kimya kabisa, koili imekatika na spika hiyo haina kazi. Ukipima kwa nyuma ya boksi lenye wufa (spika ya besi) na twita (spika ndogo ya sauti nyembamba), kwa kawaida unasoma wufa peke yake, kwani kapasita iliyo mbele ya twita huzuia umeme wa mita.

Redio yangu imeandikwa wati 50 mara 4. Itaziweza spika za omu 8?

Itaziweza, ila usiiamini namba hiyo. Injini ikiwa inawaka, umeme wa gari ni takriban volti 14.4, na redio ya kawaida haina kifaa cha kuupandisha. Kwa volti hizo, spika ya omu 4 hupata takriban wati 20 za muziki safi, si 50. Hizo 50 hupatikana sauti ikiwa imeshaharibika kabisa. Ukiweka spika ya omu 8 wati hupungua kwa nusu, zinabaki kama 10.

Kupungua kwa nusu kunatisha kwenye karatasi kuliko masikioni. Wati zikipungua kwa nusu, sauti inashuka desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu. Utaisikia tofauti, lakini si kubwa. Ili sauti isikike kubwa mara mbili unahitaji karibu desibeli 10, yaani wati mara kumi. Ndiyo maana kipimo cha kutazama kwanza ni wepesi wa spika, ile namba ya desibeli kwa wati 1 kwa umbali wa mita 1. Spika ya desibeli 90 yenye wati 10 hulia sawa na ya desibeli 87 yenye wati 20. Spika nyingi ndogo za rafu zina 84 hadi 88, nazo ni nzito kwa redio ya gari. Spika kubwa za zamani zenye wufa pana mara nyingi ni nyepesi zaidi, na hapo ndipo penye faida.

Soma pia masharti ya kipimo. Watengenezaji wengine hupima kwa volti 2.83. Kwa spika ya omu 8 volti hizo ni wati 1 kamili, lakini kwa ya omu 4 ni wati 2, kwa hiyo spika ya omu 4 inaonekana nyepesi kwa desibeli 3 kuliko ilivyo.

Kwa redio yenyewe, omu 8 ni mzigo mwepesi. Haipati joto kubwa na haiwezi kuungua kwa sababu hiyo. Hatari iko upande wa pili.

Naweza kuunganisha spika mbili kwenye chaneli moja (tokeo moja la spika kwenye redio)?

Spika mbili za omu 8, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, hufanya mzigo wa omu 4, na hapo redio inatoa nguvu yake yote. Ni mpango mzuri sana kwa mwenye spika nne za nyumbani zinazofanana. Ukiunganisha mbili za omu 4 kwa njia hiyohiyo unapata omu 2, na redio nyingi za gari hazikubuniwa kwa mzigo huo: zitajizima kwa joto au kuungua. Kama huna budi kutumia mbili za omu 4, zifunge kwa mfululizo, chanya ya moja iende kwenye hasi ya nyingine. Utapata omu 8.

Kwa nini naambiwa nisifunge hasi ya spika kwenye bodi ya gari?

Kwa sababu redio za gari za sasa huendesha nyaya zote mbili za kila spika. Hasi ya spika si hasi ya betri. Nayo ina umeme wake wa sauti. Ukiigusisha kwenye chuma cha gari unaipiga shoti chipu ya sauti. Vivyo hivyo, usiunganishe hasi za spika mbalimbali pamoja ili kuokoa waya. Boksi lenye ncha ya hasi iliyogusana na chuma cha nje lichunguzwe kabla ya kuingia garini.

Nizitoe spika kwenye maboksi yake, au nizifunge pamoja nayo?

Kwa maoni yangu, kama nafasi ipo, ziache ndani ya maboksi. Boksi si pambo. Koni inaposukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta hewa kwa kiasi kilekile, na pande hizo mbili zikikutana besi inajiua yenyewe. Boksi huzitenganisha. Tena ujazo wake ulihesabiwa kwa wufa hiyo mahsusi, na likiwa na tundu, urefu wa bomba la tundu nao ulihesabiwa. Ukiing'oa wufa na kuifunga kwenye mlango wenye matundu, umetupa nusu ya spika.

Kuna spika zinazovumilia kung'olewa na zisizovumilia. Wenye kubuni hutumia kipimo kiitwacho Qts. Wufa yenye Qts ya 0.3 au 0.4 ina sumaku yenye nguvu inayoishika koni sana. Iliundwa kwa boksi lenye tundu, na ukiiweka mlangoni besi yake inanyauka. Yenye Qts ya 0.5 hadi 0.7 hivi inaweza kulia vizuri bila boksi maalumu, mradi mbele na nyuma vimetenganishwa. Kipimo hiki hakiandikwi kwenye lebo, lakini ukijua namba ya modeli ya wufa mara nyingi utakipata kwenye karatasi ya vipimo vyake. Usipokipata, angalia boksi ilikotoka: lililofungwa kabisa ni dalili njema zaidi kuliko lenye tundu.

Gari la mizigo, la abiria wengi au lenye buti refu lina nafasi ya maboksi. Kwa gari dogo unaweza kubuni kati ya hayo mawili: boksi jipya jembamba lenye ujazo uleule, lililokatwa kufuata umbo la kona ya buti. Pima ujazo wa ndani wa boksi la zamani kwa sentimita, urefu mara upana mara kina, gawanya kwa 1,000 upate lita, kisha lipe boksi jipya lita hizohizo. Umbo likibadilika besi haijali. Lita zikibadilika inajali.

Boksi la spika likiwa kwenye kiti au nyuma ya kiti, kuna hatari gani?

Ni hatari ya kweli, na watu huipuuza. Boksi la kilo 5 kwenye gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, gari likigonga na kusimama ghafla, linaruka mbele kwa nguvu ileile ambayo lingekuwa nayo likianguka kutoka karibu mita 10 juu. Mkanda wa mpira hauzuii kitu. Lifunge kwa boliti zinazopita kwenye chuma, na washa kubwa (pete bapa ya chuma) upande wa chini, au kwa mikanda ya kufungia mizigo iliyoshikwa kwenye pete za buti. Kabla ya kutoboa, chungulia chini ya gari ujue tangi la mafuta na bomba za breki zinapita wapi. Usiweke kitu chochote mahali mifuko ya hewa ya usalama inapofungukia: pembeni mwa viti, kwenye nguzo za madirisha na juu ya dashibodi.

Nataka kuzifunga milangoni. Nipime nini kwanza?

Kina. Upana wa shimo unaweza kuupanua, lakini kioo hakisogei. Wufa za nyumbani huwa na sumaku nene kuliko za gari, na kioo kikishuka hupita sentimita chache tu kutoka kwenye bati la mlango.

Njia ninayoipenda haihitaji chombo. Viringisha kadibodi iwe mkebe wenye upana na kina sawasawa na sumaku ya spika yako, ubandike kwa gundi ya karatasi, kisha uupachike kwenye shimo la mlango. Shusha kioo polepole hadi mwisho huku sikio likiwa karibu. Ukisikia kadibodi inakwaruzwa, toa mkebe uangalie alama: umbali kutoka ukingo wa nyuma hadi kwenye mkwaruzo ndio unene wa pete utakayohitaji ili spika isogee ndani ya gari. Ongeza angalau nusu sentimita, maana kioo hutikisika barabarani. Rudia jaribio kioo kikiwa nusu, kwa kuwa vyuma vinavyokibeba navyo hutembea.

Pete yenyewe ikate kwenye plaiwudi ya milimita 18 au plastiki nene. Ubao wa MDF ni rahisi kukata, lakini ukinywa maji unavimba na kumeguka, na ndani ya mlango wa gari maji huingia kila mvua inaponyesha. Ndiyo maana chini ya mlango kuna vitundu vya kuyatoa. Ukitumia mbao, ipake rangi ya mafuta pande zote, hasa kwenye kingo zilizokatwa, na usizibe vitundu hivyo.

Kati ya pete na bati weka ukanda wa sponji laini. Kisha ziba matundu makubwa ya bati la ndani kwa bati jembamba au plastiki ngumu, ukiacha njia ya kufikia mashine ya kioo. Hii ndiyo hatua inayobadilisha sauti kuliko zote, na ndiyo inayorukwa mara nyingi. Mlango uliozibwa na spika ya kawaida hushinda spika ya bei kali kwenye mlango wazi.

Twita na krosova za ndani ya boksi nazitumiaje?

Zitumie pamoja, kama zilivyokuwa. Krosova, saketi inayogawa sauti kati ya wufa na twita, ilihesabiwa kwa omu za spika zile. Mfano wa karibu: kapasita ya mikrofaradi 4.7 mbele ya twita ya omu 8 hupitisha sauti za kuanzia takriban Hz 4,200 (mitetemo kwa sekunde) kwenda juu. Iweke kapasita hiyohiyo mbele ya twita ya omu 4, itaanza kupitisha kwa takriban Hz 8,500, na sauti za kati ya hapo zitabaki na pengo. Kwa twita ya omu 4 unahitaji kapasita ya mikrofaradi 10 ili urudi karibu na Hz 4,000.

Kapasita iwe ya aina isiyo na upande wa chanya na hasi. Twita isifungwe kamwe bila kapasita, hata kwa kujaribu tu. Besi inaweza kuiua kwa sekunde chache. Iweke juu, karibu na kona ya dirisha, na uielekeze ndani. Sauti nyembamba hazikunji kona, na twita iliyo karibu na mguu wako haisikiki.

Sabwufa ya nyumbani iliyoharibika amplifaya inafaa?

Inafaa sana. Katika vitu vyote vya nyumbani, hiki ndicho ninachoona kinalipa zaidi garini. Toa bamba la amplifaya lililo nyuma, ziba shimo lake kwa ubao uliobana vizuri bila kupitisha hewa, toboa njia ya waya na uizibe kwa silikoni. Bamba hilo ni la umeme wa ukutani, na kapasita zake kubwa zinaweza kushika umeme hata baada ya kuchomolewa; liache siku nzima kabla ya kuligusa.

Gari lenyewe litakusaidia. Nafasi iliyofungwa na ndogo huinua besi za chini kabisa. Kwa gari lenye urefu wa ndani wa mita 2.7, kuinuka huko huanza karibu na Hz 63, na kadiri sauti inavyoshuka ndivyo inavyopata nguvu. Kwa hiyo boksi lililofungwa, ambalo sebuleni lilionekana halina besi ya kutosha, garini hutosheleza. Lenye tundu huweza kuvuma kupita kiasi. Likikusumbua, jaza sponji kwenye tundu usikilize. Mara nyingi sponji hiyo ndiyo suluhisho lote.

Angalia omu kabla ya kuchagua amplifaya. Amplifaya ya chaneli mbili iliyounganishwa iwe moja kwa kawaida haitaki chini ya omu 4.

Naweza kutumia amplifaya ya nyumbani kwa inveta?

Sikushauri. Unachukua volti 12, unazipandisha kuwa umeme wa ukutani, kisha amplifaya inazishusha tena, na kila hatua inakula nguvu. Inveta za bei ndogo pia huingiza kelele kwenye sauti. Fedha hiyohiyo itumie kununua amplifaya ya gari iliyotumika ya chaneli nne.

Bodi ndogo za amplifaya zenye chipu ya TPA3116D2 ni njia nyingine ya bei ndogo. Chipu hiyo hukubali volti 4.5 hadi 26, kwa hiyo umeme wa gari unaitosha. Usitarajie wati 50 zilizoandikwa: hizo hupatikana kwa volti 21 kwenye omu 4. Tena bodi hizi hazina ulinzi dhidi ya mishtuko ya umeme wa gari, na mshtuko mmoja unaweza kupita volti 26. Zifungwe fyuzi na ziwashwe baada ya injini kuwaka.

Waya na fyuzi: nisibane matumizi wapi?

Usibane matumizi kwenye fyuzi ya waya wa betri. Ifunge ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, karibu zaidi ukiweza. Fyuzi hulinda waya: waya ukichubuka na kugusa bodi ya gari, sehemu iliyo kabla ya fyuzi ndiyo itakayowaka moto. Amplifaya inayotoa wati 100 za kweli huvuta kama ampea 12 ikiwa ya aina ya kawaida, na waya wa shaba wa milimita za mraba 4 au zaidi unaiweza kwa umbali wa mita 5. Kwangua waya kwa kisu kabla ya kununua. Ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba, na itabidi uchukue mnene zaidi.

Waya wa spika unaweza kuwa uleule wa nyumbani, milimita za mraba 1.5. Kwenye bawaba za mlango upitishe ndani ya mpira wa kiwandani, na uchague wenye nyuzi nyembamba nyingi; wenye nyuzi nene chache hukatika kwa kufunguliwa mlango.

Spika kuukuu nitaikaguaje kabla ya kuitumia?

Bonyeza ukingo wa koni kwa kidole. Sponji iliyozeeka inameguka na kuacha unga. Joto la gari lililoegeshwa juani, ambalo hupita nyuzi 60 za Selsiasi, litaimaliza haraka. Ukingo wa mpira hudumu. Kisha weka vidole vinne kuzunguka katikati ya koni na uisukume ndani taratibu, kwa usawa. Iende na kurudi kimyakimya. Ukisikia mkwaruzo, koili inasugua sumaku. Koni za karatasi zinaweza kupakwa tabaka jembamba sana la vanishi ya kuzuia maji, lakini ukizidisha unazifanya nzito na spika inapoteza wepesi wake.

Nimefunga zote, lakini besi imepotea. Tatizo nini?

Huenda spika moja imeunganishwa kinyume. Gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwa sekunde moja tu kwenye nyaya za kila wufa, nyaya zikiwa zimechomolewa kwenye redio: chanya ya betri kwenye waya wa chanya. Koni zote zinapaswa kuruka nje. Itakayoingia ndani, igeuze.

Kuna mluzi unaopanda na injini. Nifanye nini?

Huo unatoka kwenye alternata, jenereta ya injini inayochaji betri. Kwangua rangi mahali waya wa hasi wa amplifaya unapofungwa kwenye bodi ya gari mpaka chuma king'ae, fupisha waya huo, na upitishe nyaya za sauti upande mmoja wa gari, waya wa betri upande mwingine.

Ni wakati gani niachane na spika za nyumbani ninunue za gari?

Kama unachohitaji ni spika za milangoni tu, na za nyumbani hazina Qts inayofaa au sumaku inagusa kioo, nunua jozi ya kawaida ya gari. Ni za omu 4, nyembamba, zinavumilia maji, na utatumia jioni moja badala ya wiki. Fedha zote ulizookoa ziweke kwenye pete, sponji na kuziba milango. Sabwufa ya nyumbani iache ikae nyuma.